Picha tunazozikimbilia na ile tunayoisahau

Kuna sentensi ninayoisikia kliniki pengine kuliko nyingine yoyote: "Dokta, kwani hamtanipiga picha?" Husemwa kwa sauti ya mtu anayehisi amepunjwa. Amekaa foleni tangu alfajiri, nimemsikiliza, nimemshika pale panapouma, nimempima presha, nimemweleza tatizo na dawa yake, lakini bado anaona hajapimwa. Kwake yeye kupimwa ni kulala kwenye mashine na kutoka na bahasha kubwa ya kaki mkononi.

Simlaumu. Nilipokuwa nasoma udaktari, safari ya CT scan kwa Watanzania wengi wa mikoani ilikuwa safari ya Dar es Salaam, Moshi au Mwanza, na wengine walifariki kabla ya nauli kupatikana. Leo hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina mashine hiyo, na MRI zimeongezeka pia. Kitu kilichokuwa mbali kikisogea karibu, kila mtu anataka kukigusa.

Leo nataka tuzungumze kuhusu picha hizi, na nitasema mapema ninachoamini ili ujue kama utabishana nami. Naamini tunakimbilia picha nyingi ambazo hazitusaidii kitu, na wakati huohuo kuna kipimo kimoja cha picha, cha gharama ndogo, kisicho na mionzi wala sindano, kinachoweza kumkinga mtoto asipooze, ambacho karibu hakuna mzazi anayekiomba. Kama una mtoto mwenye selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita, na huna muda wa kusoma yote, ruka uende moja kwa moja nusu ya pili. Sitakasirika.

Tuanze na sifa, maana zinastahili. Eksirei iligunduliwa mwaka 1895 na Mjerumani Wilhelm Röntgen, na mpaka leo ndiyo picha inayopigwa zaidi duniani. Shida yake ni kwamba ni kivuli. Ukiweka mikono miwili mbele ya taa ya chemli, ukutani utaona kivuli kimoja. Hujui upi uko mbele na upi uko nyuma. Eksirei ya kifua nayo hulaza mbavu, moyo na mapafu juu ya karatasi moja. CT scan, ambayo mgonjwa wa kwanza alipigwa London mwaka 1971, ilivunja kikwazo hicho: mashine inamzunguka mgonjwa, kompyuta inajumlisha vivuli vingi, na daktari anauona mwili kipande kwa kipande kama mkate uliokatwa slesi. Waliopata Tuzo ya Nobel ya 1979 kwa kazi hiyo ni Mwingereza Godfrey Hounsfield na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye alianza kulifikiria tatizo hilo alipokuwa akifanya kazi Cape Town. Napenda kuwakumbusha wanafunzi wangu kwamba hesabu za mashine hii zilianza kupigwa Afrika.

MRI haitumii eksirei kabisa. Hutumia sumaku yenye nguvu kubwa na maji yaliyomo mwilini mwako, na huona vizuri vitu laini: ubongo, uti wa mgongo, kano za goti. Ndiyo maana unaambiwa uvue pini za nywele, hereni, hirizi yenye chuma, na useme kama umewahi kuwekewa chuma au kifaa cha moyo. Lile agizo si usumbufu. Ultrasaundi nayo hutumia sauti, kama popo anavyoruka gizani kwa kusikiliza mwangwi wake.

Yaliyotokea miaka hii michache ni mambo makubwa. Ultrasaundi sasa ipo ya kushika mkononi, inayochomekwa kwenye simu. Muuguzi wa zahanati anaweza kujua mtoto tumboni amekaa vipi bila kumsafirisha mama kilomita 80. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tangu mwaka 2016 kila mjamzito apate ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24, na kwa vifaa hivi pendekezo hilo linaanza kuwezekana hata huku kwetu. Mwaka 2021 shirika hilohilo lilikubali programu za kompyuta zisome eksirei za kifua kutafuta dalili za kifua kikuu kwa watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Gari la eksirei linafika mgodini au gerezani, picha inapigwa, kompyuta inatoa alama papo hapo, na mwenye alama ya kutia shaka anatoa makohozi yapimwe. Angalia umri huo vizuri: watoto wadogo hawamo, picha zao bado zinahitaji macho ya binadamu. Na jirani zetu wa Uganda, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, walishirikiana na wenzao wa Leiden, Uholanzi, wakaunganisha hapohapo MRI ndogo yenye sumaku dhaifu na nafuu. Nguvu yake haifiki hata sehemu ya ishirini ya MRI ya hospitali kubwa, lakini walioifikiria walikuwa na watoto akilini, wale wenye vichwa vilivyojaa maji, na kwa kazi hiyo huhitaji picha ya kupendeza. Unahitaji kuona maji yako wapi.

Hayo yote nayashangilia. Sasa niseme yanayonikera.

La kwanza ni mgongo. Mtu wa miaka 45 anaumwa kiuno wiki mbili. Anaweza kutembea, haja anaihisi na kuizuia, miguu ina nguvu, hana homa, hajapungua uzito, hajawahi kuugua saratani. Familia inachangishana, laki kadhaa zinapatikana, anapigwa MRI. Ripoti inarudi na maneno ya kutisha: diski zimechakaa, diski imetokeza, pingili zimeota miiba. Kuanzia siku hiyo mtu huyu anajiona mlemavu. Anaacha shamba. Anaogopa kubeba mtoto wake. Mwingine anaanza kutafuta pesa za upasuaji.

Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti za watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo, wakaangalia picha zao. Kwa wenye miaka 20, asilimia 37 tayari walikuwa na diski zilizoanza kuchakaa. Kwa wenye miaka 80 walikuwa asilimia 96. Diski iliyotokeza ilionekana kwa asilimia 30 ya vijana hao wa miaka 20. Soma tena: hawa hawaumwi. Mimi nimevuka arobaini. Ukinilaza kwenye MRI leo sina shaka utanikuta na uchakavu wa kutosha kujaza ukurasa, na kesho asubuhi nitaamka nifue kama kawaida. Uchakavu wa diski ni kama mvi. Zinaonekana, lakini si ndizo zinazokuumiza kichwa.

Kwa hiyo daktari akikwambia mgongo wako hauhitaji picha kwa sasa, akakupa dawa ya maumivu, akakuambia uendelee kutembea na urudi baada ya wiki nne, hajakudharau. Lakini ukianza kushindwa kuzuia mkojo, ukihisi ganzi sehemu za siri, mguu ukaanza kuburuzika, au maumivu yanakuja na homa na jasho la usiku, hapo usisubiri wiki nne wala siku nne. Hapo ninataka picha kuliko unavyoitaka wewe.

La pili ni watoto wanaoanguka. Mtoto ameanguka kutoka kitandani, amelia palepale, ana nundu ya paji la uso, sasa anakula biskuti na kuvuta kalamu zangu mezani. Mama anatetemeka, anataka CT scan ya kichwa. Namwelewa, na mimi ni mzazi. Lakini kuna utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2009, uliofuatilia watoto 42,412 waliogonga vichwa na kufikishwa hospitali 25 za Amerika Kaskazini wakiwa na fahamu zao au karibu nazo. Zaidi ya theluthi moja walipigwa CT. Waliokuwa na jeraha la ubongo la kutia wasiwasi hawakufika hata mmoja katika kila mia, na waliohitaji upasuaji wa ubongo walikuwa kama mmoja katika kila elfu moja hivi.

Utafiti huo ndio ulitupa njia ya kuwatambua wasiohitaji picha. Mtoto wa chini ya miaka miwili tunamwogopea kama amezubaa au hakuwa mwenyewe kwa mujibu wa mzazi wake (ndiyo, neno lako mama limo ndani ya kanuni yenyewe), kama alipoteza fahamu kwa sekunde tano au zaidi, kama nundu iko kisogoni au pembeni mwa kichwa badala ya paji la uso, kama fuvu linabonyea, au ameanguka kutoka juu zaidi ya kama mita moja. Kwa mkubwa zaidi tunauliza kupoteza fahamu, kutapika, kichwa kuuma sana, damu au maji kutoka sikioni na puani, kuanguka kutoka juu zaidi ya mita moja na nusu, au kugongwa na pikipiki au gari. Kama hakuna hata kimoja, picha haihitajiki. Kama kipo, mara nyingine tunapiga mara moja, mara nyingine tunamweka mtoto chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, na saa hizo za kumtazama ni kipimo pia, ingawa hakina bahasha.

Kwa nini nasita? Kwa sababu CT hutumia mionzi. CT moja ya kichwa inakaribia mionzi ya asili ambayo sote tunaipokea kutoka ardhini na angani kwa takriban mwaka mzima. Ya tumbo inaweza kufika miaka mitatu au minne. Eksirei ya kifua ni siku chache tu. Mwaka 2023 ulitoka utafiti wa nchi tisa za Ulaya uliofuatilia karibu watu 950,000 waliopigwa CT wakiwa watoto au vijana. Hesabu yake ni hii: kati ya watoto 10,000 wanaopigwa CT, mmoja au wawili watapata saratani ya damu ndani ya miaka 12 inayofuata kwa sababu ya mionzi hiyo. Ni hatari ndogo sana. Mtoto aliyegongwa na bodaboda na hajitambui, hatari hiyo isikuzuie hata dakika moja. Lakini kwa mtoto anayekula biskuti, hata hatari ndogo haina sababu ya kuwepo.

Nigusie haraka jambo la tatu kwa sababu linanichosha: mashine za "kupima mwili mzima kwa dakika moja" zinazopitishwa stendi, sokoni na hata misikitini na makanisani. Unashika kijiti cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, kisha unaambiwa ini lina mafuta, figo ni dhaifu, na virutubisho viko hapa, elfu hamsini. Kijiti hicho hakipigi picha ya chochote. Si eksirei, si ultrasaundi, si MRI. Elfu hamsini yako inatosha vipimo kadhaa vya kweli kwenye maabara ya hospitali.

Niseme pia la kwetu madaktari, nisije nikaonekana nawasema wagonjwa peke yao. Wapo wenzetu wanaoandika fomu ya picha ili foleni ipungue, wapo wanaoogopa kulaumiwa, na vipo vituo ambavyo mashine ilinunuliwa kwa mkopo na mkopo lazima ulipwe. Ndiyo maana nakupa swali la kumuuliza daktari yeyote, mimi nikiwemo: "Dokta, majibu ya picha hii yatabadilisha nini kwenye matibabu yangu?" Uliza kwa heshima, lakini uliza. Daktari mwenye sababu ataijibu kwa sentensi mbili. Asiye nayo atakasirika.

Sasa nije kwenye picha tunayoisahau.

Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka Tanzania, na tumo miongoni mwa nchi zenye idadi kubwa zaidi duniani. Wazazi wao wanaijua vizuri maumivu ya mifupa, wanaijua homa, wanaijua kuishiwa damu. Kiharusi wengi hawakijui. Wanadhani ni ugonjwa wa wazee wenye presha. Lakini kumbukumbu za Marekani za kabla ya uchunguzi huu kuanza zinaonyesha kwamba kati ya kila watoto mia wenye selimundu ya kawaida, ile ya SS, 11 walikuwa wamepata kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20. Mtoto anaamka asubuhi kikombe kinamdondoka mkononi. Mdomo umevutwa upande mmoja. Anachechemea, au maneno hayatoki. Nyumbani wanasema ni upepo mbaya, ni degedege, ni jirani. Siku tatu zinapita kwa mganga.

Kinachotokea ni hiki. Chembe za damu zenye umbo la mundu huziumiza taratibu kuta za mishipa mikubwa inayolisha ubongo, na mishipa hiyo huanza kuwa myembamba. Wewe umewahi kumwagilia bustani: ukiubana mdomo wa mpira kwa kidole, maji hutoka kwa kasi zaidi. Damu nayo ni hivyohivyo. Pale mshipa unapobanwa, damu hupita mbio, na kwa mtoto wa selimundu upungufu wa damu wenyewe huiongezea mbio hizo. Ultrasaundi inaweza kuipima kasi hiyo. Mfupa wa panja, pale kati ya jicho na sikio, ni mwembamba kwa watoto, na sauti inapenya. Fundi anampaka mtoto mafuta baridi kwenye panja, anaweka kifaa, mashine inatoa mvumo kama upepo, na namba inasomeka. Hakuna sindano, hakuna mionzi, hakuna dawa ya usingizi. Kwa fundi mzoefu na mtoto mtulivu ni kazi ya kama nusu saa.

Kasi ikiwa chini ya sentimita 170 kwa sekunde, mtoto yuko salama kwa sasa. Kati ya 170 na 199 tunamfuatilia kwa karibu. Ikifika 200, yaani mita mbili kwa sekunde, uwezekano wa mtoto huyo kupata kiharusi ni kama mmoja katika kumi kila mwaka. Na mtoto mwenyewe haumwi chochote! Anacheza, anaenda shule. Hakuna mkono wa daktari unaoweza kuhisi hatari hiyo kwa kumshika, na hapa ndipo mimi ninayekwambia usikimbilie picha nakusihi uidai.

Kwa sababu majibu yake yanabadilisha matibabu. Mwaka 1998 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani wa watoto 130 waliokutwa na kasi ya 200 au zaidi. Nusu yao hivi waliongezewa damu mara kwa mara, waliobaki waliendelea na matibabu ya kawaida. Waliobaki, 11 walipata kiharusi. Walioongezewa damu, mmoja. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa kuendelea kuwaangalia wale wengine lingekuwa kosa.

Utasema, dokta, damu kila mwezi kwa nchi yetu itatoka wapi? Ni swali halali, na lilijibiwa. Kuna kidonge kinaitwa haidroksiurea, ambacho watoto wengi wa kliniki za selimundu tayari wanakitumia kupunguza maumivu. Imeonekana kwamba mtoto aliyeongezewa damu angalau mwaka mmoja na mishipa yake haijaharibika sana anaweza kuhamia kwenye kidonge hicho akaendelea kulindwa. Nigeria, mahali damu ni ya shida kama kwetu, wamekitumia kidonge hicho tangu mwanzo kuzuia kiharusi kwa watoto wenye kasi kubwa. Na hapa nyumbani, Bugando, Mwanza, watafiti waliwapima watoto karibu 200 wa selimundu. Karibu robo yao kasi ilikuwa imepanda hadi 170 au zaidi, na hakuna aliyejua. Walipoanzishiwa haidroksiurea kwa kipimo kilichorekebishwa kulingana na kila mtoto, kasi ilishuka.

Robo. Fikiria kliniki ya selimundu yenye watoto 40 kwenye benchi. Kumi kati yao wanaweza kuwa wamebeba hatari hiyo vichwani, na mama zao wana wasiwasi na vitu vingine kabisa.

Hapa ndipo ninapogombana na mipango yetu. Hospitali ikipata MRI, utepe unakatwa na picha zinatoka gazetini. Sijawahi kuona utepe ukikatwa kwa ajili ya kifaa kidogo cha kupima panja la mtoto. Wakati mashine nyingi za ultrasaundi tulizonazo kwa ajili ya wajawazito zinaweza kufanya kazi hii zikiongezewa kifaa kinachofaa na mtu aliyefundishwa. Kufundisha ndiyo kazi kubwa, nakubali, kwa kuwa ukimweka fundi ambaye hajazoea, namba atakayokupa inaweza kukudanganya. Lakini ni gharama ndogo mno ukiilinganisha na mtoto wa miaka saba aliyepooza upande mmoja, aliyeacha shule, na mama aliyeacha biashara yake ya genge ili ambebe kumpeleka chooni kwa miaka yote iliyobaki. Ningekuwa na sauti kwenye bajeti, ningenunua vifaa hivyo na kufundisha watu kwa kila hospitali ya rufaa ya mkoa kabla ya MRI nyingine ya Dar es Salaam. Wenzangu wa mifupa na ubongo watanisuta kwa hilo, na wana hoja zao. Nimeusikia upande wao mara nyingi na bado sijabadili mawazo.

Wakati tukisubiri bajeti, wewe mzazi fanya hivi. Kama hujui kama mtoto wako ana selimundu, na ana manjano ya macho yasiyoisha, anaongezewa damu mara kwa mara au vidole vilimvimba akiwa mchanga, kipimo cha damu tu kinatosha kujua. Kama unajua anayo na ana umri wa kati ya miaka 2 na 16, siku ya kliniki muulize daktari: "Mtoto wangu amewahi kupimwa kasi ya damu ya kichwani?" Usiseme "apigwe picha ya kichwa", maana utapelekwa CT, na CT haitaiona hatari hii. Huduma haipatikani kila hospitali. Muhimbili na Bugando ni sehemu za kuanzia kuulizia, na kliniki yako inaweza kukupa rufaa. Kipimo hurudiwa kila mwaka, na mapema zaidi kama namba imepanda, kwa hiyo hakikisha namba yenyewe imeandikwa kwenye daftari la mtoto. Neno "nzuri" peke yake halitoshi. Daktari wa mwakani atataka kulinganisha.

Na mtoto wa selimundu akionyesha dalili za kiharusi nilizozitaja, usingoje kliniki. Hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo, na hapo CT au MRI ni haki yake.

Bahasha zote za picha, za mtoto na zako, zitunze nyumbani zikiwa zimelala, mbali na jua na moto, na uje nazo kila unapokwenda hospitali, hata zile za miaka mitano nyuma. Mara nyingi nimeweza kumwambia mtu kwamba doa kwenye pafu lake halina neno kwa sababu tu alikuja na picha ya zamani iliyokuwa na doa lilelile. Ukipewa sidii, ombeni na ripoti ya maandishi yenye jina la aliyeisoma. Kama unaweza kuwa na ujauzito, sema kabla ya kuingia chumba cha eksirei, hata kama fundi hajauliza. Na chumba hicho kinatakiwa kuwa na leseni ya Tume ya Nguvu za Atomi Tanzania. Si utovu wa adabu kuuliza iko wapi.

Siku ya kipimo cha panja, mtoto asiwe na homa, na asiwe ametoka kuongezewa damu wiki chache zilizopita, maana yote mawili hubadilisha kasi. Akiwa anaumwa, ombeni tarehe nyingine. Mpe chakula na maji kabla ya kwenda, msuke nywele ziwe mbali na panja, na mchukulie kitu cha kumshughulisha asilale. Mtoto akisinzia, damu ya kichwani huongeza mwendo na namba hupanda bure. Wapo akina mama wanaowaimbia muda wote wa kipimo, na mafundi hawalalamiki.